Upupu Aitwa Mbele ya Meza Kuu

Sehemu ya kumi na moja

Mliopiga simu gazetini wiki nzima kuuliza kama Mwatumu aliufunga ule mlango, jibu ni kwamba aliufunga. Angefanya nini? Mwenye ofisi ndiye aliyesema, "Funga mlango, Upupu nimemjua," na mwenye ofisi ndiye aliyeshika makaratasi yake.

Wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa maandazi, na ndiyo kwanza unaanza kusoma, nakupa kwa ufupi kisha unifuate.

Upupu ni jina linalowekwa chini ya mashairi ya ukurasa wa nyuma wa *Jirani*, gazeti la Waswahili wa Dallas na viunga vyake. Kwa miezi minane mashairi hayo yamekuwa yakimwasha Dokta Elibariki, mwenyekiti wa jumuiya na mwenye kampuni ya kuhudumia wazee huko Carrollton. Mwatumu ni binti wa Tanga, miaka thelathini na moja, mfanyakazi wa Dokta, anayepanga zamu za wahudumu wanaokwenda kuwaogesha wazee majumbani. Kampuni ya Dokta ndiyo iliyomwombea ukaazi wa Marekani. Barua moja tu ya Dokta ikienda uhamiaji, maombi yamefutwa, na Mwatumu anarudi Tanga na masanduku mawili.

Na Upupu ni huyohuyo Mwatumu. Hilo tunalijua mimi na wewe, basi.

"Umemjua, Dokta?" Mwatumu aliuliza.

"Nime-confirm. Ni Bisimwa."

Mwatumu alikaa bila kuambiwa. Bisimwa ni mhariri wa *Jirani*, Mkongo wa Bukavu, mchana anapakia mizigo kwenye ghala na jioni anapanga gazeti lake mezani kwake, katika nyumba ya kupanga kule Vickery Meadow. Hajawahi kutunga hata ubeti mmoja. Mashairi humfikia kwa posta, katika bahasha isiyo na jina la mtumaji.

"Una uhakika, Dokta?"

"Gazeti ni la nani? La Bisimwa. Basi na maneno ni ya Bisimwa. Ni logic tu, mdogo wangu."

Hiyo ndiyo akili iliyovishwa joho. Kwa akili hiyo, mwenye duka la vitambaa ndiye aliyeshona nguo zote za mji. Na hilo joho lenyewe, msomaji, alivishwa katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, kati ya saladi na kuku, na chuo ambacho hakuna mtu aliyewahi kuuona mlango wake. Tangu siku hiyo ukimwita Mzee Elibariki hasikii. Ukimwita Dokta, anasikia akiwa maegesho ya magari.

*Jirani* la mwezi uliopita lilikuwa juu ya meza yake, limekunjwa upande wa mashairi. Ubeti uliomuuma alikuwa ameupigia mstari mwekundu:

*Tabibu asiyetibu, kapewa joho mezani,*
*Hajapata kuhesabu, hata mapigo mwilini,*
*Ukimwita kwa adabu, bila cheo cha mbeleni,*
*Hugeuka kama bubu, akatazama darini.*

"Mimi siku ile nilitazama darini kwa sababu AC ilikuwa inavuja," Dokta alisema. "Watu hawajui, wanaandika tu."

Mwatumu aliuma ulimi asicheke. Yeye ndiye aliyekuwapo siku ile, yeye ndiye aliyempigia fundi wa AC.

"Sasa sikiliza. Jumamosi ni Sikukuu yetu ya Uhuru. Watu mia nne. Nitamwita Bisimwa mbele ya meza kuu na nitamjibu kwa shairi. Wewe utaniandikia."

"Mimi, Dokta?"

"Si mtu wa Tanga wewe? Watu wa pwani mnazaliwa na mashairi. Sisi wa milimani tunazaliwa na akili ya kazi. Kila mtu na fungu lake."

"Sijawahi kuandika."

"Utaweza. Na neno Dokta liwemo kila ubeti. Mwezi wa kwanza watu wa uhamiaji wataniandikia kuuliza kama bado nakuhitaji. Mtu akiwa amefurahi anajibu vizuri. Ijumaa saa nne asubuhi nataka shairi hapa mezani."

Aliyasema hayo huku akijikuna sikio kwa ufunguo wa gari. Ndivyo wakubwa wa kwetu wanavyomshika mtu koo: bila kupandisha sauti, na sikio likiwashwa.

Hapa nieleze jambo moja, kwa sababu vijana wetu wanaojibu kila kitu kwa Kiingereza hawalijui. Ukiimbwa kwa shairi, unajibu kwa vina vilevile. Na ukiitwa kwa shairi mbele ya watu, unasimama hapohapo unajibu, papo kwa papo. Ukikosa, umeshindwa, na kalamu yako ukaifungie kabatini. Mila hiyo Dokta hakuitoa kichwani mwake, maana kichwani mwake hamna. Alielezwa na mkewe, Mama Prudensia, aliyefundisha Kiswahili Morogoro miaka kumi na miwili kabla ya kuja kukaa kando ya mtu wa aina hii.

Jumatano jioni Mwatumu alipanda treni mpaka Vickery Meadow. Bisimwa alimfungulia akiwa bado na fulana ya ghalani. Mezani kulikuwa na kurasa za gazeti, gundi, na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyoanza kupoa.

"Kaka Bisimwa, Jumamosi usiende kwenye sherehe."

"Juu ya nini? Nimealikwa. Bibi yangu Généreuse ameshashonesha kikwembe." Kwao Bukavu bibi ni mke, na kikwembe ni kitenge.

"Dokta anakudhania wewe ndiye Upupu. Atakuaibisha mbele ya watu, kisha atawaambia wenye maduka wasiliweke gazeti lako."

Bisimwa alikula kijiko kimoja kwanza. "Bon. Na wewe nani alikuambia?"

"Nafanya kazi kwake."

"Donc unajua Upupu ni nani?"

Mwatumu alianza kupanga kurasa zilizokuwa mezani.

"Usiniambie," Bisimwa alisema upesi. "Ile bahasha inafika, mi nasoma, nacheka, nachapa. Sitaki kujua. Nikijua, siku moja nitamutaja, mutu ni mutu. Lakini dada, mi nilikimbia Bukavu juu ya batu ya bunduki. Nije tena nikimbie hapa juu ya mutu ya micro, hii maiki yenu?"

Mwatumu aliondoka na aibu kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Njiani alifanya uamuzi ambao aliuona wa busara: ataandika shairi bovu. Shairi la kuchechemea, mizani imezidi hapa imepungua pale, ili Dokta alisome watu wacheke, Bisimwa apone, na yeye abaki na makaratasi yake.

Uamuzi mzuri. Lakini msomaji, mtungaji ana kiburi kuliko mwali wa harusi. Alhamisi alikaa na karatasi, akaandika mstari wa kwanza kwa makusudi mabaya, ukaja mzuri. Akaufuta. Ukaja wa pili mzuri zaidi. Alipoinuka kwenda kuswali isha, shairi lilikuwa limekamilika, na lilikuwa zuri hata akaona wivu kwamba litasomwa na Elibariki. Hilo ndilo kosa lake, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Fundi mwenye akili angeharibu kazi ya adui. Yeye alimtengenezea adui kisu, akakinoa, akampa kwenye mpini.

Ijumaa Dokta alilisoma akisogeza midomo.

"Dokta iko wapi?"

"Haiingii kwenye mizani, Dokta."

"Cheo changu hakiingii?"

"Mstari una mizani nane kila upande. Ukikiweka, shairi linavunjika, watu wanacheka."

Alifikiri. Ilimchukua muda, kama kila kitu kinachopita huko. "Basi kiache. Method atakitaja kabla sijaanza."

Method ni MC. Anasherehesha harusi, misiba, vipaimara na chochote chenye spika kuanzia Fort Worth mpaka Mansfield, na hajawahi kukutana na kimya akakiacha salama.

Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi wa kukodi wa Carrollton ulijaa. Meza kuu ilikuwa na watu kumi na mmoja, kila mmoja na ua lake na chupa yake ya maji. Kutajana vyeo kulichukua dakika arobaini. Nimewatazama watu hawa kwa miaka. Walivuka bahari wakitafuta maisha, na walipoyapata wakajijengea koloni ndani ya ukumbi waliokodi kwa saa sita: gavana wao, baraza lao, na raia wa kupiga makofi. Uhuru wanaousherehekea ni wa Tanganyika. Hapa kwao bado haujafika.

Mwatumu alikuwa mlangoni na orodha ya wageni, anabandika watu vibandiko vya majina. Bisimwa alipofika na Généreuse, kikwembe kipya kweli, Mwatumu alimbandika mhariri jina lake kifuani bila kumtazama usoni.

"Umekuja," alimwambia chinichini.

"Nilikuambia nitakuja," Bisimwa alijibu, akaenda kukaa kwenye meza ya karibu na jiko, walikopangiwa.

Kabla ya chakula, Method alishika maiki. "Itifaki imezingatiwa. Sasa namkaribisha Mheshimiwa Mwenyekiti, Dokta Elibariki, ambaye leo, ndugu zangu, ana jibu."

Dokta akasimama, akavaa miwani, akatoa karatasi ya Mwatumu mfukoni.

"Kuna mtu anajificha kwenye gazeti," alisema kwenye maiki ya meza kuu. "Nimemtungia hili mwenyewe, kwa mkono wangu."

*Upupu ninakujibu, toka hapo kichakani,*
*Usiyejua aibu, wajificha gazetini,*
*Jina lako la ajabu, ulitaje hadharani,*
*Kama hukosi sababu, simama tukubaini.*

Alilisoma kama mtu anayesoma faini ya barabarani, akipumua mahali pasipo na pumzi. Hata hivyo shairi lilisimama. Lilikuwa na mifupa yake. Watu wa meza ya Tanga na Unguja waliacha simu zao. Bibi mmoja alitikisa kichwa na kusema, "Huyu mtu kumbe anajua," na Mwatumu pale mlangoni akaona fahari na aibu kwa pamoja.

Mtu mmoja tu pale meza kuu hakupiga makofi. Mama Prudensia alikuwa akimtazama mumewe kutoka pembeni, miwani imeshuka puani, jinsi alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wa Morogoro walioleta insha za kunakili.

"Upupu ameitwa," Method alinguruma. "Upupu asimame."

Dokta alinyoosha kidole mpaka karibu na jiko. Vichwa mia nne vikageuka.

Bisimwa alifunga kifungo cha koti, akasimama. Généreuse alimvuta koti, mumewe akajinasua taratibu.

"Mi njo mwenye journal," alisema. "Yote mulisoma mule ndani, nilichapa mimi. Kama munatafuta mutu wa kubebesha, munibebeshe mimi."

"Kwa hiyo wewe ndiye Upupu?" Dokta aliuliza.

"Andika vile."

"Si kuandika. Jibu. Kwa vina hivihivi, sasa hivi."

Bisimwa alifungua mdomo. Kiswahili chake ni cha Bukavu, kitamu kwa soga na kwa maombi, lakini vina na mizani hakufundishwa na mtu. Alisimama pale. Mtu akacheka, kisha meza nzima. Cheko la watu walioshiba heshima za kupewa ni baya sana, nalisema wazi.

"Mmeona," Dokta alisema. "Mwongo na mwoga. Kuanzia leo gazeti la mtu huyu lisionekane dukani wala kanisani. Nani ananiunga mkono?"

Meza kuu ilimuunga mkono, mikono tisa, wa Mama Prudensia haumo. Wenye maduka waliokuwapo ukumbini wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu akimwangalia jirani yake kwanza.

Mwatumu alikuwa amekalia kiti cha plastiki, orodha mapajani. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Akae. Mwezi wa kwanza Dokta aliyefurahi ajibu uhamiaji, na majira ya joto yakifika awe mkaazi halali, aende kumwona mama yake Tanga na kurudi bila kumwomba mtu. Miaka minne alikuwa ameingoja siku hiyo. Na Bisimwa angepona, si angepona? Ana kazi yake ya ghalani.

Kisha akamwona Bisimwa anakaa, na Généreuse anamfunika mkono kwa mkono wake, bila neno, na wote wawili wanatazama sahani tupu.

Mwatumu aliinuka. Alimfikia Method, akaichukua maiki mkononi mwake, na Method, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, akaiachia.

Dokta alimwona, akatabasamu. Alidhani msaidizi wake amekuja kummalizia Mkongo. Akamwita mpiga picha kwa kidole, akajiweka vizuri tai.

Mwatumu hakusoma. Alighani, kwa ile sauti ya nyumbani, ya kuvuta:

*Mwacheni huyo swahibu, hana kosa abadani,*
*Kalamu iliyojibu, ndiyo hiyo ya zamani,*
*Naijua na adhabu, inangoja ofisini,*
*Mlomtaka karibu, Mwatumu, yupo machoni.*

Ukumbi haukuelewa wote kwa wakati mmoja. Watu wa meza ya Tanga na Unguja walielewa kwanza. Yule bibi alijishika kifua. Kisha wakaelewa waliokaa nyuma yao, na maneno yakapita meza kwa meza: ni huyu binti, na lile alilolisoma mwenyekiti pia ni lake huyu binti, kamwandikia yeye. Kicheko kilichoanzia kule nyuma hakikuwa kile cha mwanzo. Hiki kilikuwa kinaelekea mbele.

Na Dokta? Dokta alikuwa anapiga makofi. Hajawahi kusikiliza maneno ya shairi tangu azaliwe. Kwake shairi ni kama king'ora, anachotaka kujua ni linaelekea upande gani tu. Alisikia sauti ya mfanyakazi wake, akaona watu wanafurahi, akapiga makofi kwa mikono miwili, pete inang'aa, kamera inamulika.

Mama Prudensia aliinama sikioni mwake. Alisema maneno machache. Watu wa mbele waliona midomo yake ikitamka jina la Mwatumu.

Makofi yakafa. Dokta alimtazama Mwatumu, na naapa ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kumtazama kama mtu mwenye kichwa. Uso ulimjaa damu mpaka masikioni.

"Jumatatu," alisema kwenye maiki yake ya mezani, akisahau kwamba inafanya kazi. "Saa mbili kamili asubuhi, ofisini kwangu. Na makaratasi yako yote uje nayo."

Mia nne walisikia. Hata wapishi walitoka jikoni.

"Siji Jumatatu, Dokta," Mwatumu alisema, na maiki ya Method ikaibeba sauti yake mpaka mlangoni. "Kama unanifuta, nifute hapa. Na sababu uitaje hapa, watu waisikie kwa mdomo wako."

Dokta alitazama meza kuu upande wa kushoto, wote walikuwa wakisoma maandishi ya kwenye chupa za maji. Akatazama kulia, huko wamesoma zaidi. Hakuna hata mkono mmoja. Akaisogeza maiki mdomoni.

"Sababu," alianza.

Mama Prudensia alimnyang'anya maiki, polepole, kama anavyonyang'anywa mtoto mkasi.

"Kaa, Elibariki," alisema. "Sababu nitaitaja mimi. Na nikimaliza, ukumbi huu utakuuliza wewe makaratasi yako ya udokta."